Posti Ile Ilikuwa na Hofu ya Nani?

Leo sina barua ya mchumba asiyejibu meseji wala ya wifi anayepekua makabati. Hizo zimejaa kapuni, zitasubiri. Nimeshika barua ya binti anayesoma uandishi wa habari, yuko mwaka wa mwisho, na nilipofika mstari wa mwisho nikasema hii haikai foleni.

Binti anaandika tasnifu. Amekusanya posti ambazo vyombo vya habari vya Kiswahili viliziweka Facebook na Twitter (enzi hizo bado ikiitwa hivyo) wakati wa korona, na msimamizi wake anataka achambue hisia zilizomo: hofu ilipanda lini, hasira ilimwendea nani, matumaini yalianza kuonekana mwezi gani. Shida zake ni tatu. Programu aliyoitumia imemwambia kwamba Machi 2020 ilikuwa na furaha kuliko hofu. Posti za Tanzania zimempa kizungumkuti, maana kuna miezi mizima isiyo na kitu. Na ya tatu kaichomeka pale chini, baada ya salamu za kuagana: tangu aanze kazi hii, halali.

Mdogo wangu, hiyo ya tatu ungeianza. Lakini nimekuelewa, mtu hutanguliza lile asilolionea haya sana. Twende kwa mpangilio wako.

Programu yako haijarogwa. Imehesabu maneno, basi. Programu nyingi za bure za kazi hii zinategemea orodha kubwa za maneno, na iliyo maarufu zaidi ni ile ya watafiti wawili wa Kanada, Saif Mohammad na Peter Turney. Waliwauliza watu wengi kupitia intaneti neno hili na lile linaendana na hisia gani, wakapata maneno ya Kiingereza kama 14,000 yaliyopangwa kwa hisia nane alizozitaja mwanasaikolojia Robert Plutchik: furaha, imani, hofu, mshangao, huzuni, karaha, hasira na matarajio. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ila toleo la Kiswahili halikutokana na Waswahili kukaa chini na kuulizwa. Maneno yalipitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, moja moja, yakatoka upande wa pili yakiwa yameitwa Kiswahili.

Sasa chukua posti ya Machi 2020 inayotangaza waliopimwa majibu yakatoka chanya. Orodha inaona neno jema na kukuandikia alama ya mema. Posti inamtaja daktari, imani inapanda. Posti inasema watu kumi wamepoteza maisha, na "maisha" yanahesabiwa upande wa neema. Halafu kitenzi chetu nacho hakikai mahali pamoja. Orodha ina "kufa", lakini magazeti yanaandika wamefariki dunia, waliopoteza maisha, ametutoka, ametangulia mbele za haki, na programu isiyojua kuvua kitenzi viambishi vyake hailioni hata moja. Ikiwa umeiongezea ujanja wa kutafuta mzizi, italinasa "hajafa" na kulihesabu msiba. Kupima hisia kwa orodha peke yake ni sawa na kuhukumu pilau kwa kuhesabu karafuu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujaiamini mashine yoyote, chagua posti mia mbili bila kupendelea, uzisome mwenyewe na kuziwekea lebo kwa mkono. Ndipo uilinganishe mashine na mkono wako. Ikikosea, andika imekosea wapi. Hiyo ni sura nzima ya tasnifu, na jopo litaipenda kuliko grafu za rangirangi. Kuna vifaa vilivyo bora siku hizi. Mwaka 2023 watafiti wa Afrika walitoa mkusanyiko unaoitwa AfriSenti, wenye twiti za lugha 14 za bara hili zilizowekewa lebo na wazawa wa lugha hizo, Kiswahili kikiwemo, ingawa lebo zake ni tatu tu: chanya, hasi na katikati. Mwaka 2025 ukafuata mkusanyiko mwingine, BRIGHTER, nao unagusa hisia zenyewe, hofu, hasira, huzuni na wenzao, na Kiswahili kimo. Vitumie. Ila kumbuka AfriSenti ni twiti za watu wanaotaniana na kutukanana, wakati wewe unachambua lugha ya mhariri aliyefunga tai.

Hapo sasa ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka ulishike, na ninyi wengine msiosoma chuo msiondoke, linawahusu. Ukiuliza posti hii ina hisia gani, lazima useme ni hisia ya nani. Katika posti moja ya habari wamo watu wasiopungua watatu: aliyeiandika, anayenukuliwa ndani yake, na anayeisoma. Programu yako imewamwaga wote kwenye chungu kimoja.

Chukua Kenya. Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza. Baadaye kidogo akawaonya Wakenya kwamba wakiendelea kuishi kikawaida, ugonjwa huu utawatendea isivyo kawaida. Maneno hayo yalisambaa kila mahali. Chombo kinachoandika "Kagwe aonya" kimebeba hofu, ndiyo, lakini ni hofu ya waziri, tena waziri aliyeikusudia ili watu wabaki nyumbani. Mwandishi wa posti huenda hakuwa na jazba yoyote. Na wasomaji je? Wakenya mnawajua wenyewe. Waliigeuza kauli hiyo utani, picha za vichekesho na misemo ya kuchombezana. Onyo moja, watu watatu, hisia tatu. Ukiweka lebo moja ya "hofu" umeandika theluthi ya ukweli.

Mwanzoni mwa Aprili 2020 likatokea jambo jingine hukohuko, nadhani lingefaa kuwa mfano wako mkuu. Wagonjwa wa kwanza kupona walitangazwa, wakazungumza hadharani, hata na Rais Uhuru Kenyatta kwa video. Posti za siku ile zilijaa furaha na matumaini. Mhariri yeyote angesema hatimaye tumepata habari njema. Ukishuka kwenye komenti unakuta shaka, kejeli, na matusi ya kuwachambua watu hao na maisha yao ya faragha, mpaka serikali ikatoa karipio. Posti ya furaha ilizaa karaha. Kama umekusanya posti bila komenti, utaandika kwamba siku hiyo Kenya ilicheka, na kweli ilicheka, lakini siyo kicheko unachokidhania.

Soroush Vosoughi na wenzake wa MIT walilitenga jambo hili vizuri katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, miaka miwili kabla ya korona. Walifuatilia habari kama 126,000 zilizozunguka Twitter tangu 2006 hadi 2017, za kweli na za uongo, na kwenye hisia hawakuishia kwenye habari yenyewe, walipima majibu ya watu, kwa orodha ileile ya Mohammad na Turney. Za uongo ziliwajaza watu mshangao, hofu na karaha. Za kweli zilileta huzuni, matarajio, furaha na imani. Za uongo pia zilikimbia mbali na haraka zaidi. Unaona walivyojua wanapima hisia za nani? Ndilo ninalokuomba.

Na picha usizisahau, maana tasnifu za siku hizi zina tabia ya kusoma maandishi na kuruka picha. Machi 18, 2020, huko Bergamo, kaskazini mwa Italia, malori ya jeshi yalipangana usiku yakisafirisha majeneza kuyapeleka miji mingine kwa sababu mji ulikuwa umezidiwa. Picha ile ilizunguka dunia. Maelezo yaliyoandamana nayo kwenye kurasa nyingi yangeweza kuwa makavu kabisa: malori, jeshi, mji, tarehe. Programu ingeyapa sifuri. Uliza yeyote aliyeiona kama alihisi sifuri.

Nitapita haraka kwenye alama za Facebook, kwa sababu najua umezihesabu na unajivunia. Zile sura za kupenda, kucheka, kushangaa, kuhuzunika na kukasirika zilianza kutumika duniani kote Februari 2016, na ile ya kukumbatia moyo iliongezwa Aprili 2020, katikati ya janga. Maana yake data yako ya Machi na ya Mei hazilingani: aliyekuwa akibonyeza huzuni Machi, Mei ana mahali pengine pa kubonyeza. Isitoshe, mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni zilionyesha kwamba kuanzia 2017 alama hizo zilipewa uzito mara tano ya ule wa kupenda wa kawaida katika kuamua posti ipi isukumwe juu, hasira ikiwemo. Baadaye hasira ikapunguzwa hadi sifuri, mwaka 2020. Kwa hiyo usiandike kwamba wasomaji walichagua hasira. Andika kwamba mashine ilikuwa ikiipalilia, halafu ikaacha.

Nimeona pia kwenye barua yako umeandika "mashirika ya habari" ukimaanisha kila mtu mwenye kamera. Jopo litakusumbua hapo. Shirika la habari ni kama Reuters, AFP au AP: linawauzia habari wengine. Magazeti ya mlengo huu na ule yananunua taarifa ileile, hivyo tangu karne ya 19 mashirika haya yamejifunza kuandika kikavu, sentensi ambayo hakuna mteja atakayeikataa. BBC Swahili na DW Kiswahili ni watangazaji, Mwananchi na Taifa Leo ni magazeti. Tofauti hii ina uzito kwenye hisia. Shirika lililouza ukavu kwa zaidi ya miaka mia moja likifungua ukurasa wa mtandao wa kijamii linajikuta sokoni na watu wanaouza pilipili. Angalia kwenye data yako: habari ileile ya shirika, ikichukuliwa na gazeti, kichwa kinabadilikaje? Nani kaongeza neno "taharuki"? Hapo utakuwa umemshika mtia chumvi mkono ukiwa bado kwenye kopo.

Na kwa nini anatia? Si lazima awe mwovu. Kuna utafiti uliotoka 2023 kwenye jarida la Nature Human Behaviour, uliotumia vichwa vya habari vya tovuti ya Marekani iitwayo Upworthy, ambayo ilikuwa na mazoea ya kujaribu vichwa kadhaa kwa habari moja. Kila neno hasi lililoongezwa kwenye kichwa cha urefu wa kawaida liliongeza kubofywa kwa asilimia 2.3. Ni kidogo, lakini mhariri anayeangalia namba kila saa hahitaji zaidi ya hapo ili mkono wake uzoee. Ni tovuti moja, ya nchi moja, ya kabla ya korona. Usiibebe mzimamzima ukaibwaga Kariakoo. Ila Bruce Sacerdote wa chuo cha Dartmouth na wenzake walipochunguza habari za korona zenyewe mwaka 2020, walikuta karibu habari 9 kati ya 10 za vyombo vikubwa vya Marekani zina sauti hasi, wakati majarida ya kisayansi yalikuwa karibu theluthi mbili tu, na vyombo vya nje ya Marekani chini zaidi ya hapo. Jambo lililonisimamisha ni hili: hasi ile haikufuata ugonjwa. Wagonjwa walipopungua, sauti haikupungua. Habari za chanjo kufanikiwa nazo ziliandikwa kwa uso uliokunjwa.

Jaribu kipimo hicho kwako. Weka mstari wa hofu ya posti juu ya mstari wa wagonjwa waliotangazwa, wiki kwa wiki. Ikiwa miwili inapanda na kushuka pamoja, wahariri walikuwa wakieleza ugonjwa. Ikiwa mmoja unaenda zake, kaulize unafuata nini. Kwa Kenya utaweza, maana wizara ilitoa namba karibu kila siku.

Kwa Tanzania hutaweza, na hapo tumefika kwenye shida yako ya pili.

Wenye kumbukumbu fupi niwakumbushe. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha. Shule zikafungwa siku iliyofuata. Aprili ikaja na siku tatu za maombi ya kitaifa, tarehe 17 hadi 19. Katikati ya Aprili, leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi sita kwa sababu ya picha ya Rais Magufuli akiwa sokoni akinunua samaki, watu wamemzunguka. Mamlaka zilisema ni picha ya zamani na inapotosha. Takwimu za mwisho kutolewa zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Mwanzoni mwa Mei rais akasimulia kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na majibu yakatoka zina virusi. Baada ya hapo namba za taifa hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka.

Sasa umekaa na kompyuta yako, umeandika "korona" kwenye kisanduku cha kutafuta, na mashine inakuambia kuanzia Juni 2020 kurasa za nyumbani zimetulia tuli. Hofu sifuri. Huzuni sifuri. Mdogo wangu, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mhariri aliyeona mwenzake kafungiwa ukurasa kwa picha moja hahitaji kuandikiwa barua ili ajue la kufanya. Kukosekana kwa posti nako ni data, ila data hiyo inazungumza juu ya mhariri na mamlaka iliyo juu yake. Msomaji bado hujamfikia.

Msomaji alikuwa wapi? Alikuwa kwenye WhatsApp, anasikiliza sauti ya mtu asiyemjua anayejiita daktari. Alikuwa anasaka mwarobaini wa kujifukizia, maana nyungu ilikuwa imerudi kwa kishindo. Alikuwa anasoma kurasa za Kiswahili za watangazaji wa nje, ambazo ziliendelea kuandika. Ukichanganya kurasa hizo na za nyumbani bila kuzitenga, utahitimisha kwamba wageni ni waoga na wenyeji ni majasiri. Nakuhakikishia kuna mtu atalichapisha hitimisho hilo. Usiwe wewe.

Na lugha ilihama. Mwanzoni mwa 2021 matangazo ya vifo yalipozidi, neno korona hukulikuta, ulikuta "changamoto ya upumuaji" na "nimonia". Kila mtu alijua kinachosemwa. Usipoyaweka maneno hayo kwenye utafutaji wako, Februari 2021 itakuponyoka yote. Na Februari ile ilikuwa nzito: tarehe 17 siku moja tukapoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimesema Januari kwamba ana korona, na Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Tarehe 23, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, akajitokeza mbele ya waandishi hospitalini Dodoma kukanusha uvumi kwamba amefariki. Nia ilikuwa kutuliza watu. Lakini alikuwa akikohoa na pumzi inamtoka kwa shida, na kipande hicho cha video ndicho kilichozunguka. Soma maandishi peke yake utakuta kiongozi amejitokeza, anaendelea vizuri, anawashukuru watu. Alama ya imani, alama ya furaha. Komenti za video zitakupa jambo tofauti kabisa. Mfano huo mmoja ukiuchambua kwa utulivu, kwa heshima ya mhusika, unatosha kumaliza ubishi na msimamizi wako kuhusu kwa nini unahitaji kusoma zaidi ya maandishi.

Kisha tazama upande wa pili wa ukimya. Aprili 2021 rais mpya, Samia, akaeleza nia ya kuunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 akachanjwa hadharani kuzindua chanjo. Neno korona linarudi kwenye kurasa ghafla, na grafu yako ya hofu itapanda mlima. Usije ukaandika kwamba Watanzania waliogopa zaidi Julai. Waliruhusiwa kusema, basi.

Kuhusu kuweka lebo, nina machache. Tafuta mtu wa pili wa kusoma nawe, na ukiweza asiwe wa kwenu. Kama wewe ni wa Tanga, mwombe wa Mwanza au Kisumu. Mtapishana, na kupishana kwenu kunapimika; alama ya Jacob Cohen ya mwaka 1960 bado inatumika na haina ugumu. Mtapishana sana kwenye dua. "Mungu atunusuru" ni hofu au ni imani? Na mtapishana kwenye "poleni". Mashine iliyofunzwa kwa mazoea ya kwingine itaona poleni elfu moja na kutangaza kwamba jamii imezama kwenye huzuni. Wewe unajua mtu anatoa pole kama anavyotoa mkono, ili mfiwa ajue amefika. Mimi ningeiundia lebo yake, niiite mshikamano, na Plutchik atusamehe.

Jihadhari pia na komenti za watu. Facebook yenyewe iliwahi kuwabadilishia watumiaji 689,003 mpangilio wa posti kwa wiki moja Januari 2012 kuona kama hisia zinaambukizana, bila kuwaambia. Utafiti ulipotoka 2014 kelele zilikuwa kubwa kuliko matokeo, na matokeo yenyewe, niwaambie ukweli, yalikuwa madogo mno, ingawa watu hupenda kuyasimulia kama uchawi. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019. Futa majina. Usinukuu komenti neno kwa neno, maana itatafutwa na mwenyewe atapatikana. Na ulizokusanya zitunze vizuri: dirisha la CrowdTangle, ambalo watafiti walilitumia kuona posti za Facebook kwa wingi, lilifungwa Agosti 14, 2024, siku ileile Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Sijui nani alipanga kalenda hiyo.

Haya. Usingizi.

Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, Alison Holman na wenzake waliwauliza maelfu ya Wamarekani hali zao. Waliokuwa wakitazama na kusoma habari za tukio lile saa sita au zaidi kwa siku walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwepo pale bomu lilipolipuka. Wewe, mdogo wangu, unasoma posti za vifo kuanzia asubuhi mpaka simu iishe chaji. Mwili wako haujui kwamba ni za 2020. Na umesema kwa kupita kwamba miongoni mwa waliotutoka 2021 alikuwemo shangazi yako. Basi wiki za Februari na Machi 2021 mpe yule msomaji wa pili aziwekee lebo kwanza, wewe uzipitie baadaye, mchana, mkiwa wawili. Mwambie msimamizi sababu. Akikuona dhaifu, hilo ni tatizo lake. Kwenye vyumba vya habari vinavyojali, wanaokagua video za maafa hupokezana. Kompyuta isiingie chumbani unakolala. Na kama usingizi haujarudi baada ya hapo, nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, au kituo cha afya, useme kama ulivyoniambia mimi, ila usilifiche mwishoni.

Ninyi wengine mlioniandikia kwamba kila mkisikia Marburg Kagera, kama ilivyokuwa Machi 2023 na tena Januari 2025, moyo unarudi korona: somo la binti huyu ni lenu pia. Posti ikikushtua, tafuta kwanza hofu ni ya nani. Ni ya waziri anayetaka unawe mikono? Ni ya mhariri anayetaka ubofye? Ni yako ya zamani? "Vifo vyaongezeka maradufu" yaweza kuwa kutoka kimoja kwenda viwili. Tafuta namba, mahali na tarehe, na kama kuna lolote unaloambiwa ufanye. Zisipokuwepo, posti hiyo haikuletea habari. Na yule shemeji anayetupia sauti za madaktari wasio na majina kwenye kundi la familia saa tano usiku, mwulize mbele ya watu wote: huyu ni nani, na yuko hospitali gani? Ulizeni kwa upole. Atanuna siku mbili.

Binti, jopo likikuuliza kwa nini sura yako ya Tanzania ina kurasa nyingi kuliko posti, waonyeshe tarehe za Aprili 2020 kwa mpangilio, picha ya sokoni ikiwa katikati, kisha orodha ya maneno yaliyotumika badala ya korona. Halafu nyamaza, waache wao waulize.